Uzoefu wangu: alaimenti iliyonilia matairi mawili mapya

Sina kawaida ya kuandika habari za gereji. Leo naandika kwa sababu kidole changu cha kati bado kina plasta, na kwa sababu mtu mzima aliyekaa nyuma ya kaunta aliniambia mbele ya wateja wenzangu, "Mama, gari halina tatizo. Tatizo ni mikono."

Mikono! Nimeendesha gari miaka mingi kuliko ile kaunta yake ilivyosimama.

Miezi kadhaa nyuma nilidumbukia shimo usiku. Tangu hapo, nikienda moja kwa moja, usukani unakaa umelalia kushoto. Matairi ya mbele nilikuwa ndiyo kwanza nimeyafunga, mapya kabisa, kwa hiyo sikutaka mzaha. Nikatafuta gereji ya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa matairi, yenye mashine ya kompyuta na kamera, siyo wale wa kupima kwa kamba na jicho moja. (Wale wa kamba nawaomba radhi leo.) Gari likapandishwa, likashushwa, nikalipa, nikapewa karatasi yenye tarakimu, nikaikunja nikaitia mfuko wa mlango. Usukani? Umenyooka kama rula. Niliondoka naimba.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliangalia usukani, sikuangalia karatasi.

Gari halikuwa linavuta upande, hilo niseme kweli. Lilikuwa halitulii. Ukikanyaga mwendo, kila mkwaruzo wa lami linataka kuufuata, unalirudisha, linanusa upande wa pili, kama mbuzi anayevutwa penye majani. Nikasema labda upepo. Nikajaza upepo. Nikasema labda balansi, yaani gurudumu kuwa zito upande mmoja, lakini balansi mbaya ingeutetemesha usukani kwenye mwendo, na huu haukutetemeka hata kidogo. Nikazoea. Binadamu anazoea mambo ya ajabu.

Mpaka siku hiyo funguo zikaniponyoka zikaingia chini ya gari. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono nyuma ya tairi la mbele kuzitafuta, kitu kikanichoma. Waya. Waya wa tairi lenyewe, umetoka nje! Ukilitazama tairi kwa mbele, kashata zote, zile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zipo, limesimama vizuri, ungeapa ni la juzi. Kwa ndani, ukanda wa upana wa vidole viwili umekuwa kipara mpaka nyuzi zimechungulia. La pili hivyohivyo. Na mimi nilikuwa nimebeba watoto humo, kwenye mvua.

Basi nikarudi gereji, damu kwenye kitambaa, na ndipo nikaambiwa habari za mikono. Akaongeza kwamba wanawake tunapenda kupanda kingo. Hakuinuka kwenye kiti. Hakutoka hata mlangoni kulitazama tairi. Nikauliza kingo gani zinazokula tairi kwa ndani, kushoto na kulia, sawasawa? Akaniambia nisubiri, akapokea simu, akacheka na simu yake.

Ningeishia hapo ingekuwa nyota moja, na hiyo ya huruma.

Lakini kuna kijana pale, wa ovaroli iliyochakaa, alikuwa anasikia. Akaja kimyakimya, akaniambia, "Mama, zungusha usukani mpaka mwisho." Nikazungusha, tairi likageuka likaonyesha ndani yake. Kumbe ni jambo dogo hivyo! Akanishika mkono akanipapasisha kashata zilizobaki, nikielekea nje laini, nikirudi ndani zinakwaruza, kama kupapasa samaki kinyume cha magamba. "Hii siyo kemba," akasema. Kemba ni tairi kulala kwa juu, kuinamia ndani au nje. Ikizidi inakula bega moja, lakini kwa ulaini, haiachi meno. Kasta, ule mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kwenda mbele au nyuma, akaigusia tu, kwamba hiyo ndiyo inayorudisha usukani wenyewe ukitoka kwenye kona, na tairi hailili sana. Meno haya, akasema, ni too, yaani pua za matairi kutazama ndani au nje: hapa matairi mawili yamegeuziana visigino, pua zimekwenda nje, kila moja linataka njia yake na gari linayaburuta yote mawili kwenda mbele.

Akaomba karatasi. Nikaichomoa mlangoni, imeshafifia.

Too kwa digrii, kabla ya kazi: kushoto 0.05, kulia -0.65, jumla -0.60. Baada ya kazi: kushoto -0.30, kulia -0.30, jumla -0.60.

Soma tena hiyo jumla. Mimi niliisoma mara nne. Ile alama ya kutoa maana yake pua zimetazama nje. Walichofanya ni kuzungusha tairodi, kile chuma kinachosukuma gurudumu ligeuke, upande mmoja na kuufidia upande wa pili kwa kiasi kilekile. Usukani ukakaa katikati, mteja akafurahi, matairi yakabaki na upogo wake wote, ila sasa yamegawana nusu kwa nusu. Na rangi ya ile jumla ilikuwa nyekundu, maana yake iko nje ya kipimo. Nyekundu kabla, nyekundu baada! Wamenipa ushahidi kwa mkono wao, nami nikautembeza mlangoni miezi yote.

Digrii 0.30 ni kitu gani, utauliza. Nami niliuliza. Kijana akapiga hesabu kwenye simu: kila kilomita moja, tairi linasuguliwa ubavu zaidi kidogo ya mita 5. Ukitembea kilomita 1,000, umeliburuta kwa ubavu kilomita 5 na ushee. Chukua kifutio cha penseli ukiburute hivyo uone kitabaki nini.

Nilikuwa najiandaa kurudi kaunta na karatasi yangu, nimeshapanga na maneno. Kijana akapiga jeki, akashika tairi kwa mbele na kwa nyuma yake, akalitikisa. Likacheza. Ngwa, ngwa. "Tairodi endi imekufa," akasema, yaani kiungo cha mwisho wa tairodi kinachoshika gurudumu, halafu kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa: "Ila mama, hii siku ile nilikwambia."

Na kweli aliniambia. Nikakumbuka. Alisema alaimenti haishiki kwenye kitu kinachocheza, kibadilishwe kwanza. Nami nikamjibu, nakumbuka hadi sauti yangu, "Haya ndiyo maneno yenu mafundi." Nikamkatalia mbele ya watu, kama nilivyokataliwa mimi leo.

Kwa hiyo sijui. Nyota tatu? Mashine yao haikusema uongo, kijana hakusema uongo, mwenye kisirani siku ile nilikuwa mimi. Lakini ngoja. Kama kitu kinacheza na mteja amekataa, si umwambie achukue gari lake aende? Kwa nini unapokea hela, unanyoosha usukani, unamkabidhi karatasi nyekundu na tabasamu? Hapana. Mbili. Zote mbili za kijana.

Nimelipia tairodi endi na matairi mapya. Safari hii nilisimama nyuma ya kompyuta mpaka jumla ikageuka kijani, 0.04, nikapiga picha. Nikaenda kulijaribu barabarani, nikaulegeza usukani mikononi, gari likatulia kimya kama maji ya mtungini. Nikarudi kuchukua risiti nikiwa nimeanza kulainika, nawaza labda zile tatu wanastahili.

Yule wa kaunta akanitazama akacheka: "Haya mama, naona mikono imepona."

Nyota moja.