Tathmini ya huduma ya kuandaa rufaa ya mfungwa

Ndugu yangu anatumikia kifungo katika gereza la jimbo nchini Marekani. Ombi lake la habeas corpus, yaani la kutaka mahakama ichunguze uhalali wa kifungo chake, lilipokataliwa na mahakama ya wilaya ya shirikisho, tuliilipa ofisi moja ya mawakili imwandalie nyaraka za rufaa ambazo angeziwasilisha mwenyewe. Katika hatua hii Katiba haimpi mfungwa haki ya kupewa wakili, hivyo familia nyingi hujikuta zikilipia huduma za namna hii bila kuelewa zinanunua nini.

Ofisi hiyo ilistahili malipo yake kwa kazi moja hasa, nayo ni ombi la cheti cha ruhusa ya kukata rufaa. Aliyezoea rufaa za kawaida hudhani kwamba notisi ya kukata rufaa ikishapokelewa, kesi itasikilizwa. Kwa mfungwa wa jimbo anayepinga kifungo chake sivyo, kwani sheria ya mwaka 1996 inamtaka kwanza apate cheti hicho, na hakitolewi mpaka aonyeshe kwa hoja nzito kwamba amenyimwa haki ya kikatiba. Ombi la ndugu yangu lilitupwa kwa maelezo kwamba muda wa mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi hilo ulikuwa umekwisha, na madai yenyewe hayakuguswa. Katika hali hiyo, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2000 katika kesi ya Slack dhidi ya McDaniel unadai mambo mawili kwa pamoja: majaji makini waweze kutofautiana kama dai la kunyimwa haki lina msingi, na waweze pia kutofautiana kama jaji alikuwa sahihi kulitupa ombi kwa sababu ya utaratibu. Rasimu aliyoiandika ndugu yangu gerezani ilieleza kwa uchungu jinsi wakili wake wa awali alivyozembea, lakini suala la muda halikupewa hata aya moja. Wakili aliyeipitia aliiona kasoro hiyo mara moja, akaanza na hesabu ya tarehe, moja baada ya nyingine, kisha ndipo akalileta dai la uzembe. Kwa maoni yangu, kazi hiyo peke yake ilitosha kuhalalisha gharama.

Walikuwa makini vilevile na muda wa kukata rufaa, ambao ni siku 30, na hawakuuchukulia kuwa jambo la kubembelezana na mahakama. Katika kesi ya Bowles dhidi ya Russell, jaji alimfungulia mfungwa upya muda wa kukata rufaa kwa siku 17 mahali ambapo kanuni iliruhusu 14; akawasilisha notisi ndani ya siku alizopewa, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alichelewa. Kwa hiyo notisi ilifika ikiwa na ukurasa wa tamko ulioachwa nafasi ya tarehe na sahihi, ili ndugu yangu athibitishe siku aliyoikabidhi bahasha kwa mfumo wa barua wa gereza na kwamba stempu zimelipwa, kwa kuwa kwa mfungwa asiye na wakili siku hiyo ndiyo inayohesabiwa.

Upande wa mawasiliano haukuniridhisha hata kidogo. Bahasha ya kwanza ilitumwa bila alama ya barua ya wakili, ikapita katika ukaguzi wa barua za kawaida na kukaa huko huku siku zikiyoyoma. Kwa ofisi inayohudumia wafungwa, hilo halina udhuru. Wala hakuna aliyetuambia mapema kwamba ada ya rufaa, dola 605, haimo katika malipo yao, au kwamba asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe kuilipa kabla. Fomu ya kuomba msamaha huo tuliipata kwa karani wa mahakama.

Ningewapendekeza kwa mtu ambaye ombi lake limekataliwa kwa sababu za kiutaratibu, mradi awape hukumu ya jaji siku ileile anapoipokea na adai kwa maandishi kwamba kila bahasha itiwe alama ya barua ya wakili.