The Pregnant King: mfalme kabeba mimba, uzoefu wangu

Mliokuwa mnaniuliza kuhusu The Pregnant King ya Devdutt Pattanaik, nimekimaliza. Nilichukua ya kusomea kwenye simu maana duka nililoulizia mjini walisema wataagiza na mpaka leo kimya.

Ni riwaya ya Kiingereza, ilitoka India 2008, na stori imechotwa kwenye Mahabharata, ule utenzi mrefu wa kale wa Wahindi. Mfalme Yuvanashva ana wake watatu na hana mtoto, anaandaliwa maji ya dawa wanywe wake zake, anaishia kuyanywa yeye, mimba hiyo! Kwenye Mahabharata yenyewe hayo yanapita chapchap, mtoto anatokea ubavuni, mungu Indra anamnyonyesha kidole, tunaendelea. Huku mwandishi kakaa na huyo baba mpaka mwisho, na hapo ndo nilinasa, maana mfalme moyoni anataka mwanawe amwite mama na hawezi kulisema, kiti cha enzi kinataka mwanaume kamili kwahiyo ikulu inafunika kila kitu na mtoto anakua akijua mama ni mke wa mfalme.

Kinachouma sasa, mfalme huyuhuyu aliwahukumu kifo vijana wawili, Sumedha na Somvat, waliojifanya mke na mume ili wapate sadaka halafu mmoja akageuka mwanamke kweli. Na mama yake mfalme, Shilavati, mjane, kutawala anajua kuliko wanaume wote pale ila kwa sababu ni mwanamke, kiti anamshikia tu mwanawe.

Mhusika mwingine, Shikhandi, ndo kanichekesha. Kazaliwa wa kike, kalelewa kiume, kaozeshwa mke, usiku wa harusi mambo hadharani na baba mkwe anatisha kuleta jeshi. Anakimbilia porini, jini la huko (wao wanaita yaksha) linamwazima uume wake, eti atarudisha 😂 Hilo halijatungwa juzi, limo kwenye Mahabharata, na jini likalaaniwa libaki hivyohivyo mpaka Shikhandi afe. Kwahiyo anayesema mambo ya jinsia kubadilika-badilika yameletwa India na wazungu aanzie hapo. Kumbuka kitabu kilitoka miaka 10 kabla Mahakama ya Juu ya India haijasema, 2018, kwamba mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima walioridhiana siyo kosa la jinai tena.

Ubaya wake, majina ni mengi mno, hata kama umezoea tamthilia za Kihindi utapotea, na katikati wahusika wanahubiriana dharma (wajibu wa mtu kwa imani yao) kurasa na kurasa, mimi pale niliruka. Pia usitegemee mahaba, mapenzi ya hao vijana wawili yamepewa nafasi ndogo mno.

Nyota 4. Mwandishi huyohuyo ana kingine cha 2014 chenye jina la Shikhandi kabisa, visa vifupivifupi vya namna hii, nadhani asiyependa riwaya ndefu angeanza na hicho.