Gemu Nne Zimenichapa: Ipi Ilinichapa kwa Haki?

Haya wadau, karibuni tena. Leo sijaja na gemu moja, nimekuja nazo nne, na zote zimenichapa. Sitanii. Wiki hizi chache nimekufa kwenye skrini mara nyingi mpaka mtu wa nyumbani akipita mlangoni haniulizi tena kama nashinda. Ananiuliza tu, "Leo umeuawa na nani?"

Sasa, katika kufa kote huko nimejikuta na kipimo kimoja. Skrini ikishakuwa nyeusi najiuliza: nimekufa kwa nini? Nikiwa na jibu, narudi hata iwe saa nane za usiku. Nikikosa jibu, pedi ya kuchezea naiweka chini naenda zangu kulala. Michoro, muziki, hadithi, vyote nitavigusa, ila leo kipimo ni hicho.

Tuanze na ndogo kuliko zote, Balatro. Ilitoka Februari 2024, kazi ya mtu mmoja anayejiita LocalThunk. Ukiiona kwa mbali utadhani kamari. Siyo. Huweki pesa, na mezani hakuna mpinzani. Unashika karata nane, unacheza tano au pungufu, na gemu inakupigia hesabu: pointi mara kizidisho. Ukifikisha pointi zinazotakiwa unapita. Usipofikisha umekwisha, unaanza upya toka mwanzo. Katikati unapitia dukani, na huko kuna majokeri, karata za nyongeza za kukusaidia, wako 150 kwa jumla, kila mmoja na vituko vyake. Poka nilikuwa siijui vizuri na wala haikunizuia, maana orodha ya mikono, yaani mipangilio ya karata inayohesabiwa, iko humohumo, unaifungua muda wowote.

Ngoja niwaonyeshe kifo kimoja. Tazameni hapa. Nina jokeri anayeniongezea kizidisho 3 kwa kila kopa inayohesabiwa. Nikasema basi, leo ni siku ya kopa. Shupaza na pau nazitupa kama maganda. Nazipata kopa tano: 10, 8, 6, 4 na 2. Haya, twende pamoja. Karata tano za aina moja zinaanza na pointi 35, ongeza 30 za karata zenyewe, 65. Kizidisho kinaanza na 4, jokeri anaweka 15, 19. Sitini na tano mara kumi na tisa, 1,235. Kwa mkono mmoja! Nikajiona nimeshaumaliza mchezo. Nafika kwa bosi wa ngazi ya pili, yaani ile raundi ngumu ya kufunga ngazi, anataka 1,600, na sheria yake ni kwamba kopa zote zimezimwa. Mkono bado unahesabika kuwa wa aina moja, lakini karata haziongezi hata pointi, na jokeri wangu ni kama hazioni. 35 mara 4. Mia na arobaini. Nina mikono minne tu, kwa hiyo hata nikiurudia mkono uleule mara zote nne, 560.

Na mnajua kilichoniuma? Sheria ya bosi yule ilikuwa imeandikwa kwenye skrini tangu ngazi inaanza. Nimepita dukani mara mbili, iko pale inanitazama, mimi niko bize na kopa zangu. Nimlaumu nani? Nikabonyeza kuanza upya kabla hata sijamaliza kusonya. Hiyo ndiyo maana ya kuchapwa kwa haki. Ipo mpaka kwenye simu, na hilo sijui niliite sifa au onyo, kwa sababu mimi nimeshawahi kusema "raundi moja tu" nikasikia jogoo.

Haya, ya pili. Hapa tutakaa kidogo. Clair Obscur: Expedition 33. Ilitoka Aprili 2025, imetengenezwa na Sandfall Interactive, studio ya Montpellier, Ufaransa, na ndiyo gemu yao ya kwanza. Desemba 2025 wakabeba gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Kisa chake: kuna mji unaitwa Lumière. Kila mwaka kiumbe mmoja mkubwa, mchoraji, anaamka, anaandika namba kwenye nguzo inayoonekana na mji mzima, na kila mwaka namba inapungua kwa moja. Waliofikisha umri huo wanatoweka. Gemu inaanza namba ikiwa inafika 33. Nusu saa ya kwanza nilikaa kimya, hata soda nimeisahau mkononi. Sisemi zaidi.

Mapigano yake ni ya zamu: wewe unapiga, adui anapiga. Gemu za zamu mimi huwa zinanilaza, maana zamu ya adui unakaa tu kama abiria. Humu hukai. Adui anapokuja una chaguo mbili, kukwepa au kukinga. Kukwepa ni rahisi, umepewa nafasi pana ya kubonyeza. Kukinga nafasi yake ni nyembamba kama uzi, lakini kila ukikinga unapata pointi ya kutumia kwenye ujuzi wako, na ukiyakinga mapigo yote ya zamu ile, unamrudishia pigo zito mpaka sebule nzima inasikia. Mtamu sana ule mlio, jamani.

Shida ni kwamba maadui wa humu ni waongo. Huyu hapa, angalieni mkono wake. Anainua silaha, wewe unabonyeza, yeye bado ameiinua tu. Anakutazama. Ukishalegea ndipo inashuka. Bosi wa eneo la mwanzo, yule adui mkubwa, alinilaza mara sita kwa mchezo huohuo. Lakini gemu inafundisha. Ukikwepa kwa wakati ulionyooka kabisa, inakuandikia kwenye skrini kwamba umekwepa barabara, maana yake pale ungeweza hata kukinga. Kwa hiyo unaanza kwa kukwepa, unakusanya zile alama, ukishazizoea ndipo unakinga. Na masikio yana kazi kuliko macho. Nilipoacha kuangalia silaha nikaanza kusikiliza, mapigo yakawa kama ngoma, unajua linaangukia wapi.

Sasa nitubu dhambi. Siku mbili nzima niliitukana gemu hii bila kosa. Nilikuwa naicheza kwenye kompyuta, nakinga vizuri tu. Nikahamia kwenye runinga kubwa sebuleni, ghafla mikono imekuwa ya mtu mwingine. Nabonyeza, nimechelewa. Narudia, nimechelewa. Nikasema hawa wamebadilisha kitu kwenye sasisho. Kumbe runinga ndiyo iliyokuwa inachelewa. Runinga nyingi hupitisha picha kwenye usafishaji kabla ya kukuonyesha, inanyoosha rangi, inalainisha mwendo, na kazi hiyo inakula milisekunde. Gemu ikienda kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa takribani milisekunde 17. Runinga ikichelewesha picha tatu nne tu, ile nafasi nyembamba ya kukinga imeshapita, wewe unaona vitu vilivyokwisha kutokea. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga yako, tafuta hali ya gemu, iwashe. Rangi zitapoa kidogo. Mimi nilikinga mapigo matatu mfululizo zamu ya kwanza, nikabaki nacheka peke yangu.

Lawama zangu kwao? Ndani ya maeneo hakuna ramani. Sehemu nzuri za kutazama, sawa, lakini nimezunguka jiwe lilelile mara tatu nikidhani ni njia mpya. Na vile vikorokoro vya kuongezea nguvu vinakuwa vingi mno kadiri unavyosonga, orodha haiishi. Kama mikono yako ni mizito usiogope, kuna viwango vitatu vya ugumu na unavibadilisha njiani ukitaka. Hakuna atakayekuja kukukagua.

Ya tatu nitaipitia haraka, Blue Prince, nayo ya Aprili 2025. Umerithi jumba la vyumba 45, na masharti ni kukipata chumba cha 46. Kila ukifungua mlango unachagua kimoja kati ya vyumba vitatu, ndivyo unavyolijenga jumba, na kila siku una hatua 50 za kuanzia. Kesho yake jumba limefutika, unajenga upya. Siku za mwanzo nilikuwa na daftari pembeni, kalamu sikioni, nimekuwa mpelelezi. Ni nzuri mno. Tatizo likaja baadaye: fumbo nimeshalijua, jibu ninalo kwenye daftari, nasubiri tu chumba fulani kije. Hakiji. Siku nne hakiji. Hapo kipimo changu kinakwama, kwa sababu najua vizuri kwa nini nimeshindwa, na hakuna ninachoweza kukifanya tofauti kesho. Nimeipumzisha. Wenye subira wataniona mvivu, nawakubalia.

Na sasa, mama yao. Hollow Knight: Silksong. Ilitangazwa Februari 2019, ikatoka tarehe 4 Septemba 2025. Zaidi ya miaka sita watu wanasubiri, na siku yenyewe maduka ya mtandaoni yakaelemewa, watu wamejaa mlangoni. Team Cherry wa Australia ni kikundi kidogo kabisa, na walianza kuitengeneza kama nyongeza tu ya Hollow Knight ya 2017. Sasa hii siyo nyongeza, hii ni nchi.

Unacheza kama Hornet, binti wa sindano na uzi. Unaanza na barakoa tano, ndiyo uhai wako, na humu adui wengi wanaondoa mbili kwa pigo moja. Piga hesabu mwenyewe: mapigo matatu, kwaheri. Kujitibu kunakula hariri yako, ile nguvu unayoikusanya kwa kupiga maadui, karibu yote kwa mkupuo, lakini kunarudisha barakoa tatu mara moja. Kwa hiyo kila hariri ikijaa una swali la sekunde moja: nijitibu sasa au nipige? Hapo ndipo gemu hii inapokaa, kwenye sekunde ile. Mimi kila nilipokufa kwa bosi, nilijua. Nimejitibu kwa pupa. Nimeruka mapema. Pigo la Hornet la kushuka linakwenda mshazari, siyo wima kama kwenye Hollow Knight ya kwanza, na vidole vyangu vilikataa kulikubali hadi nilipopata mtindo mwingine wa kupigana unaoshuka wima. Ukiupata, maisha yanabadilika.

Ugumu uliwachoma wengi. Watengenezaji wenyewe waliwapunguza makali kidogo mabosi wawili wa mwanzo, Moorwing na Sister Splinter, kwenye sasisho la awali. Mimi mabosi siwalalamikii. Nalalamikia njia. Yule anayeitwa Last Judge, ukifa kwake unarudishwa benchini, pale ulipopumzika mara ya mwisho, halafu upepo, majukwaa, wadudu, ndipo umfikie. Kifo cha kumi kwenye pambano kinanifundisha kitu. Safari ya kumi ya kwenda kwenye pambano hainifundishi chochote, inanichosha tu, na nikifika nimechoka nafanya kosa la kijinga, narudi benchini. Kwa kipimo changu hilo ni deni lao. Na mabenchi mengine mpaka ulipie kwa shanga ulizookota, yaani hata kukaa ni kwa hela! Kuna moja, sitasema lipo wapi, usilikalie kabla hujachungulia pembeni.

Last Judge nimempiga jana usiku. Hii hapa video, sijaikata. Mnaona ananizungushia chetezo chake, naruka, napiga, nashuka upande wa pili. Hapa nimejitibu, barakoa tatu, sawa. Pigo la mwisho hili. Amepiga magoti. Mimi huku nje ya video pedi iko mezani, mikono juu, nimesimama kwenye kochi. Sasa mtazameni yeye. Anatetemeka, anawaka, Hornet wangu amesimama palepale pembeni kama mtu anayesubiri basi. Akalipuka.

Nilitoka pale na barakoa moja. Na alikuwa anawaka waziwazi mbele ya macho yangu, kwa hiyo hata kulalamika siwezi.