DAC ya kujiundia hapa Lubumbashi: uliza kwanza inakula umeme wa wapi

Nilitoa dola 60 kununua bodi ya DAC katika duka moja la katikati ya mji, na kwa wiki tatu kitu pekee ilichompigia Papa ni mvumo. Mmmmm ule ule, usiopanda wala kushuka, muziki uwepo usiwepo. Papa ana amplifaya yake aliyoinunua enzi akifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ya chuma, nzito, na spika mbili za mbao. CD zake zote nimeshazihamishia kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayokaa kiganjani. Nilichohitaji ni bodi moja ya kukaa katikati: ichukue namba za muziki kutoka kwenye kompyuta, izigeuze kuwa umeme wa sauti, iupeleke kwenye amplifaya. Kazi ya DAC ni hiyo.

Muuzaji aliniambia: "Mama, hii njo nguvu, iko na biti 32." Nikaamini biti. Tangu hapo nimeitwa nyumba tatu, Katuba, Ruashi na Kampemba, kusikiliza bodi tatu tofauti zikivuma vilevile. Ndiyo maana naandika.

Basi biti na kilohezi naziacha kando kabisa. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuwa na biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na bodi zote nitakazozitaja zinaimudu kazi hiyo bila jasho. Mwenye nyimbo za CD na MP3 akilipia biti 32 amelipia maandishi kwenye boksi. Nitakachokishikilia ni kimoja, na sijawahi kumsikia muuzaji yeyote akikitaja: umeme unaoilisha bodi.

Chukua chaja ya simu yenye plagi ya miguu miwili. Haina waya wa ardhi. Ndani yake, mara nyingi, kuna kapasita ndogo ya buluu, bapa kama punje ya dengu, inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 5. Imewekwa kwa makusudi, ili kutuliza kelele za masafa ya redio. Lakini kapasita hiyo huvujisha umeme kidogo. Hauui, ukipitisha mgongo wa mkono juu ya chuma cha amplifaya utausikia ukitambaa kama sisimizi. Kabla ya kuchomeka kebo ya sauti nilipima kwa mita kati ya chuma cha amplifaya ya Papa na waya hasi wa chaja. Ikasoma volti 94 za AC. Ukishachomeka kebo ya sauti, umeme huo unapata njia ya kupita, na njia yenyewe ni waya wa nje wa kebo hiyo, ule ule ambao sauti inautumia kurudi. Amplifaya haina namna ya kutenganisha. Inakuza muziki, na inakuza pia hezi 50 za ukutani.

Na sisi wa Lubumbashi tuna la ziada. Delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, imetuzoesha kuwa na betri na konvertisa (ile inverter inayogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani) nyumbani, na konvertisa nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini bali wimbi la ngazi-ngazi. Umeme wa aina hiyo ukipita kwenye chaja mbovu, mvumo unageuka mlio wa nyuki. Nyumba ya Ruashi ilikuwa hivyo hivyo: mchana kwenye umeme wa kawaida inavuma, usiku kwenye konvertisa inalia nyuki, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha bodi mara mbili.

Kilichonifungua macho ni pawabenki. Usiku mmoja niliichomoa chaja ya Raspberry Pi, nikaiwasha kwa pawabenki ya simu. Kimya. Papa aliinua kichwa kwenye kiti chake akasema, "Sasa njo muziki." Pawabenki nayo ina saketi ya kukatakata umeme, si safi kiasi hicho, ila haijashikana na ukuta. Hivyo ukienda kununua, beba pawabenki, na omba bodi ijaribiwe mbele yako kwa chaja, kisha kwa pawabenki. Muuzaji akikataa, duka la pili lipo.

Sasa nipange.

Nafasi ya kwanza naipa HiFiBerry, na sifichi kwamba naipenda. Ni kampuni ya Uswisi inayotengeneza bodi za kukaa moja kwa moja juu ya pini 40 za Raspberry Pi. Hulehemu chochote. DAC2 Pro yao ina vidhibiti volti vyake vya kelele ndogo juu ya bodi, kwa hiyo uchafu mwingi wa ile volti 5 unaishia hapo, na ina saa mbili zake: moja ya jamii ya 44.1 (sampuli elfu 44.1 kwa sekunde, kama CD), nyingine ya jamii ya 48. Bodi haisubiri Raspberry Pi iipigie mapigo, inajipigia yenyewe. Kuna jambo lingine linalonifanya niwaheshimu. Hata zile bodi za dola chache zisizo na jina zinaendeshwa kwenye Raspberry Pi kwa mpangilio unaoitwa hifiberry-dac. Kila anayefunga bodi ya bei rahisi anaandika jina lao. Yangu ilinigharimu dola 85 hadi kufika mkononi, pamoja na msafiri aliyeibeba, na sizijutii. Ila ujue: haitakuokoa na chaja inayovujisha. Hakuna bodi kati ya hizi inayoweza kuokoa hapo.

Ya pili ni bodi ya zambarau yenye chipu PCM5102A ya Texas Instruments. Chipu ni nzuri kwelikweli. Inajitengenezea volti hasi ndani yake, kwa hiyo sauti inatoka ikizunguka sifuri, volti 2.1, bila kapasita kubwa njiani. Kasoro yake ni kwamba huwa inauzwa nusu tayari na hakuna anayekwambia. Igeuze uone mgongo wake. Kuna makundi manne ya vitone vya madini, namba 1 hadi 4, kila kundi lina upande wa H na upande wa L. Namba 1, 2 na 4 zinatakiwa ziunganishwe upande wa L. Namba 3 upande wa H. Hiyo namba 3 ndiyo amri ya kunyamaza au kusema. Isipounganishwa H, bodi inapata umeme, kompyuta inaitambua, na hakuna sauti hata kidogo. Mtu anaitupa akidhani imekufa. Halafu upande wa mbele, karibu na pini SCK, kuna vitone viwili vya kuunganisha ili SCK iende ardhini na chipu ijitengenezee saa yake. Kila kiungo ni tone la lehemu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti au chini yake. Pasha sekunde mbili, ondoa. Ukikawia, kitone kinabanduka.

Nyaya ni nne, mbali na ule wa umeme, kwa majina yaliyoandikwa kwenye bodi: BCK kwenye pini 12 ya Raspberry Pi, LCK kwenye pini 35, DIN kwenye pini 40, na GND kwenye pini 39. Umeme wa VIN usiuchukue kwenye Raspberry Pi. Ulete peke yake. Mimi nauchukua kwenye betri ya volti 12 kupitia 7805, kidhibiti cha miguu mitatu: ukitazama maandishi, kushoto umeme unaingia, katikati ardhi, kulia volti 5 zinatoka. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 mguu wa kuingilia na ya 0.1 mguu wa kutokea, zote mbili kwenda ardhini, ziwe jirani kabisa na miguu. Bodi inakula makumi machache tu ya miliampia, 7805 haichemki. Kisha kwenye faili la config.txt ongeza mstari dtoverlay=hifiberry-dac, weka alama ya # mbele ya dtparam=audio=on, uzime uwashe. Amri ya aplay -l ikikuonyesha jina la hifiberry, umemaliza.

Ya tatu ni ile yangu ya dola 60, yenye chipu ES9038Q2M ya ESS. Sitaitukana: mvumo haukuwa kosa lake, ulipitia chaja ya Raspberry Pi. Ila bodi za namna hii nyingi hudai transfoma ya AC, na yangu iliandikwa 15-0-15, nyaya tatu. Muuzaji hakusema neno. Nilifika nyumbani, nikasoma maandishi madogo pembeni ya skrubu za umeme, nikarudi mjini siku ya pili kutafuta transfoma, dola 18 nyingine. Ukiinunua, ihesabu pamoja na transfoma tangu mwanzo. Bodi zenye chipu za AKM, zile AK4490 na AK4493, ningeziweka karibu nayo, lakini kiwanda chao cha Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020, chipu zikaadimika, bei ikapanda. Ukiletewa moja kwa bei ya kutupa, angalia kama maandishi ya chipu yamekwaruzwa yakaandikwa upya.

Vile vijiti vya USB vya dola tatu, nne: kwa earphone vinafaa. Kwa amplifaya ya nyumbani sina la kusema.

Sasa wauzaji. Nilipoirudisha bodi kuuliza habari ya transfoma, nilionyeshwa mstari wa chini wa risiti: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Mstari huo uko kwenye risiti za kila duka, na unamlinda mtu mmoja tu. Mnunuzi hawezi kuijaribu bodi dukani kwa sababu imefungwa kwenye nailoni, na hawezi kuirudisha kwa sababu nailoni imefunguliwa. Na dola yako ikiwa na mpasuko wa milimita mbili pembeni, haipokelewi. Wao wakikurudishia chenji, unapewa faranga zilizolainika kama kitambaa. Bodi inayouzwa dola chache China, ikishapita Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa, hapa ni dola 25. Usafiri na forodha naelewa. Kunyamaza kuhusu transfoma sielewi.

Linaloniuma zaidi ni waya. Tunaishi juu ya shaba. Malori ya shaba tunayaona kila siku kwenye barabara ya Kasumbalesa. Halafu shaba hiyo ikisharudi dukani kama waya wa spika, si shaba tena: ni aluminiamu iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Nilikwaruza kwa wembe uzi mmoja wa waya niliouziwa kwa bei ya shaba tupu. Viboko viwili vya wembe, weupe ukatokea chini yake. Niliukunja mara tatu, ukakatika. Mtoto wa Lubumbashi, ambaye babu yake alishuka shimoni kuchimba shaba, anauziwa aluminiamu iliyopakwa rangi. Hilo siliwezi kulinyamazia. Beba wembe dukani pamoja na pawabenki, na kwaruza kabla ya kulipa.

Kwa wenye betri tayari nyumbani, njia safi ni hii: betri ya volti 12, ampia-saa 7, ile ndogo, iwe ya muziki peke yake, volti zake zikishushwa hadi 5. Raspberry Pi Zero 2 W pamoja na DAC hazizidi wati tatu hivi, kwa hiyo ukitumia nusu tu ya betri, na betri ya risasi ukiitumia zaidi ya nusu kila siku unaiua, bado unapata saa kumi za kusikiliza. Chaja ya betri iwe imechomolewa wakati wa kusikiliza. Ikibaki imechomekwa ukutani, mvumo unarudi kwa mlango ule ule. Nyumba ya Kampemba walifanya kila kitu sawa wakasahau hilo.

Na kama chanzo chako ni televisheni yenye tundu la mwanga (optical), tumia kebo ya mwanga. Haina chuma cha kupitisha umeme, mvumo hauna pa kupita. Ndiko ilikoishia bodi yangu ya dola 60, ambayo ina mlango huo, na iko kimya kabisa. Kebo ikiwa mpya, ncha zake huja na vikofia vidogo vya plastiki angavu, vigumu kuvitambua. Vitoe vyote viwili kabla ya kuchomeka. Nimewaona watu wawili wakirudisha kebo nzima dukani kwa sababu ya vikofia hivyo, na duka likawasomea mstari wa chini wa risiti.