Mwezi wangu wa kwanza na huduma ya kuhifadhi tovuti

Mwezi uliopita nililipia nafasi ya kuhifadhi tovuti kwa kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, pamoja na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, linaloishia na .co.tz, kwa ajili ya duka langu la vitenge lililoko Kariakoo. Malipo hayakunisumbua, kwani nililipa kwa simu nikiwa dukani, na kabla mteja niliyekuwa nikimkunjulia vitenge hajachagua rangi, ujumbe wenye nywila ulikuwa umekwisha kuingia.

Ukurasa nilikuwa nimeuandika mwenyewe kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, usiku baada ya kufunga duka. Nilipoupakia na kufungua anwani yangu, nilikuta orodha ya majina ya mafaili tu, kwa sababu nilikuwa nimeuita duka.html, ilhali seva, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi tovuti, ilikuwa ikitafuta ukurasa wa kwanza kwa jina la index.html ndani ya folda ya public_html. Hilo lilirekebishika kwa dakika moja.

Kilichonitesa ni picha. Kwenye kompyuta yangu zilionekana zote sita, lakini kwenye simu ya mdogo wangu anayeishi Mbagala zilitokea nne, na mahali pa mbili zilizobaki palikuwa na vijisanduku vitupu. Niliwaandikia wahudumu, wakanijibu baada ya siku mbili kwamba nifute kumbukumbu ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, jibu ambalo nadhani humpa kila anayeuliza. Sababu niliigundua mwenyewe: picha hizo mbili zilitoka kwenye kamera ya kuazima, ambayo humalizia majina ya mafaili kwa .JPG, nami katika ukurasa nilikuwa nimeandika .jpg kwa zote. Windows ya kompyuta yangu haijali tofauti hiyo, ila seva yao inatumia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambao huyahesabu majina hayo kuwa ya mafaili mawili tofauti. Nilibadili herufi tatu katika kila jina, na vitenge vikaonekana.

Cheti cha usalama cha HTTPS, kinachofanya mawasiliano kati ya mteja na tovuti yasisomwe na wengine, walikiwasha bila malipo ya ziada, na tangu siku ya kwanza sijakuta ukurasa umezimika. Kwa hayo nitaendelea nao mwaka ujao. Hata hivyo, mambo ya index.html na herufi za majina yangeenea katika nusu karatasi ya Kiswahili, ambayo wangeweza kuituma pamoja na ule ujumbe wa nywila.