Usiku mmoja ndani ya ngome ya Cardona

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Fort Jesus nimeingia mara zisizo na idadi, lakini mchana tu. Jioni ikifika, lango hufungwa na sote hutoka. Tangu udogoni nilitamani kujua kuta kama zile huwaje usiku. Hamu hiyo nimeikata mbali na nyumbani, Cardona huko Katalunya, kiasi cha kilomita 90 kutoka Barcelona. Ngome ya huko imegeuzwa Parador, yaani mojawapo ya zile hoteli za serikali ya Hispania ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1928.

Ngome iko kileleni, mji uko chini. Mimi na mke wangu tulipanda kwa miguu na mabegi yetu, tukafika tukitweta. Mwenye mzigo achukue teksi.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha nguzo nne, kikanikumbusha samadari ya bibi yangu. Ukuta ni mnene hata ukikaa kwenye kizingiti cha dirisha unaenea mzima. Nilikaa hapo saa nzima nikiutazama mlima wa chumvi. Ni chumvi kweli, imechomoza ardhini, na ndiyo iliyowatajirisha wakuu wa Cardona hadi wakaitwa mabwana wa chumvi. Mezani pia chumvi haikukosekana: nilikula bacallà, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ndugu wa ng'onda wetu, pamoja na mkate uliosuguliwa nyanya na kutiwa mafuta ya zeituni.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni usiku wenyewe. Watalii wa mchana walishateremka. Tulitoka nje tukasimama karibu na mnara wa Minyona, na hapakuwa na sauti ila upepo. Kwa Kikatalani minyona ni msichana. Inasimuliwa kwamba Adalés, binti wa mtawala wa ngome, alimpenda Mwislamu, na wazazi wake wakamfungia humo mpaka akafa. Mke wangu aliutazama mnara ule kwa muda mrefu, akasema, "Masikini, mtoto wa watu."

Mimi nilikuwa nawaza vita, vile vya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania. Barcelona ilianguka tarehe 11 Septemba 1714; Cardona ilishikilia wiki moja zaidi, ikasalimu amri tarehe 18. Nikakumbuka pia kwamba Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka 1593, Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili. Nikaupapasa ukuta, nikaona si mgeni kwangu.

Asubuhi tuliingia kanisa la Sant Vicenç, la karne ya 11, lililo humo humo ngomeni. Halina mapambo, ni mawe tu na mwanga wa madirisha membamba. Liliwahi kufanywa kambi ya askari, kama Fort Jesus ilivyofanywa gereza.

Kwa mfuko wangu bei si ndogo, ila sijutii hata senti. Ukiweka nafasi, omba dirisha la upande wa mlima wa chumvi, na ukiweza lala siku mbili. Chimbo la chumvi lilifungwa mwaka 1990 na sasa wageni hushushwa hadi mita 86 chini ya ardhi. Sisi tulilala usiku mmoja tu, na huko chimboni tukapita mbio mbio tukihofia kukosa basi.