Huduma ya kuwinda kulungu na mtoto: kazi wanaijua, ila picha wapunguze

Kama una mtoto anayetaka kuwinda kulungu mara ya kwanza, hawa jamaa nawapa nyota nne. Mwongozaji hakumpa binti yangu risasi hata moja mpaka ajue mdomo wa bunduki unaangalia wapi, kidole kinakaa nje ya traiga (kile cha kufyatulia), na nyuma ya mnyama kuna nini, maana risasi ikimkosa haisimami hapo. Akamwonyesha na pa kupiga, nyuma tu ya bega, moyo na mapafu yako hapo anakufa haraka, ukipiga tumbo anateseka masaa na unaweza usimpate kabisa.

Sasa alivyopiga, kulungu akakimbilia vichakani na mtoto akaanza kulia. Yule mzee mwongozaji hakumwambia nyamaza wewe mkubwa, wala hakumpigia makofi, alikaa naye tu wakisubiri kama nusu saa ndo wafuate damu, akamwambia hata yeye bado anajisikia vibaya kila akiua na siku asiposikia kitu ataacha hii kazi. Halafu akamuuliza, utataka kumgusa au hapana? Akachagua mwenyewe. Kwenye kutoa matumbo alikataa, hawakumlazimisha, ila nyama kaila vizuri tu, watoto bwana 😅

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya kijana wa picha, damu haijakauka anamwambia mtoto acheke ashike pembe. Tulikataa. Na vesti zao za rangi ya chungwa, zile za kuonekana na wawindaji wengine, zote saizi ya watu wazima, huduma ya watoto gani hiyo?